Sahani ya Tano

Bibi Chupa alikuwa na sheria mbili za kazi, na kwa miaka kumi na tisa hakuzivunja hata siku moja. Ya kwanza: chupa isilale chafu. Ya pili: sahani yenye matundu haina faida, itupwe kabla haijamharibia mtu hesabu zake. Alizipokea kutoka kwa mkuu wa kwanza wa maabara, mzee mkali ambaye sasa amestaafu. Mzee yule akikuta sahani ya namna hiyo mezani alikuwa akiuliza kwa sauti ya chini, "Hii nani kaniletea?" na watu wazima wenye shahada zao wakaanza kutafuta mlango.

Sahani zenyewe si za kulia. Ni visahani vya plastiki vyenye vifuniko, upana wake kama kiganja, na ndani yake kumetandazwa chakula cha bakteria, laini chenye kutikisika kama jeli. Bakteria wakiota vizuri, uso wote hufunikwa na utando ulio sawasawa, kama malai juu ya maziwa yaliyopoa. Lakini jasho la kifuniko likidondoka, utando hutoboka hapa na pale, na kazi ya siku nzima imekwenda na maji. Ndivyo alivyofundishwa, naye hakuwa na sababu ya kubisha. Yeye alikuwa mwosha vyombo, na vyombo vyake viling'aa.

Asubuhi ile aliingia maabara saa kumi na mbili na nusu, kabla ya watu wote. Usingizi ulikuwa umemkataa. Mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee, alikuwa amelala orofa ya juu ya hospitali hiyohiyo, wiki ya tatu sasa. Alijifungua kwa upasuaji. Mtoto alitoka salama, na sauti ya kuamsha mtaa mzima, ila kidonda cha mama kilikataa kufunga. Kiliingiwa na bakteria sugu. Dawa ya kwanza haikumtisha bakteria yule, wala ya pili, wala ya tatu. Hii ya sasa, ambayo daktari wa wodi alisema ndiyo ya mwisho kabatini, ilikuwa inamshika shati tu asikimbie.

Jana jioni daktari huyo alimwita Bibi Chupa na mwanawe kando, akasema, "Anaweza kustahimili siku tano. Zaidi ya hapo nitakuwa nawadanganya."

Tumaini lililobaki lilikuwa huku chini, mikononi mwa mtafiti waliyemwita Miwani, kwa sababu kila siku aliitafuta miwani yake na kumbe iko kichwani. Bibi Chupa aliporudi kazini kutoka likizo ya kuuguza, Miwani alimweleza mambo juujuu, huku anapima na kuandika.

"Bibi, hakuna kiumbe asiye na wa kumla. Hata bakteria ana virusi vinavyomla yeye, na mtu havimgusi. Siku hizi watafiti wa nchi nyingi wanavitafuta, maana dawa tulizozizoea zimeanza kushindwa. Na mimi namtafuta mlaji wa huyu aliyemvamia mkwe wetu."

"Unamtafuta wapi?"

"Kwenye maji machafu. Simba hakai pasipo na swala."

Mkwe wetu. Bibi Chupa alilisikia hilo neno "wetu", akalikunja vizuri na kuliweka moyoni. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Miwani hakumwambia, na yeye hakuuliza: huyo mlaji akipatikana, ataonekanaje?

Jana Miwani alikuwa amechuja maji kutoka sehemu sita, akayachanganya na bakteria wa kile kidonda, akayamimina kwenye sahani sita na kuziacha kwenye kabati la joto. Alipoondoka alikuwa anapepesuka kwa usingizi. Ndiyo maana Bibi Chupa alidamka, ili binti wa watu akija akute meza safi na chai ya moto.

Alianza na chupa sita za yale maji. Chini ya kila moja palibaki kidogo, kiasi cha kulowesha ulimi wa paka. Akazimwaga, akazitia dawa, akazisugua kwa brashi, akazipindua kwenye kichanja zikauke. Kisha akafungua kabati la joto na kuzitoa sahani.

Tano zilikuwa nzuri ajabu, utando wake umetulia kama shuka lililopigwa pasi. Lakini ile iliyoandikwa tano mgongoni ilikuwa imetobokatoboka, matundu madogo ya mviringo, kama kitambaa kilicholiwa na nondo.

"Maskini," alisema peke yake. "Kifuniko kimemdondokea."

Hakutaka Miwani aanze siku kwa huzuni. Akazipanga zile tano juu ya meza, na ile moja akaitia kwenye mashine ya mvuke, ambayo huua kila chenye uhai. Akafunga mlango, akabonyeza kitufe. Kisha akabandika birika la chai.

Miwani aliingia saa mbili kasoro, hata mkoba hakuuweka chini. Alikwenda moja kwa moja mezani, akainua sahani ya kwanza kwenye mwanga wa dirisha.

"Umeona zilivyoota?" alisema Bibi Chupa. "Safi kabisa."

"Hakuna," alisema Miwani. Akainua ya pili. "Hakuna." Ya tatu. "Hakuna."

"Hakuna nini, mwanangu?"

"Walaji. Bakteria kajaa kote, hakuna aliyemgusa." Akazihesabu kwa kidole, akazihesabu tena. "Ya tano iko wapi?"

"Ile iliharibika."

"Iliharibika vipi?"

"Ilitoboka. Matundu madogomadogo kila mahali. Nikasema nisikuudhi asubuhi yote hii, nimeitia kwenye mvuke."

Miwani aligeuka polepole kuitazama ile mashine. Taa yake ilikuwa imeshageuka kijani. Alivaa glavu nene, akasubiri mvuke wa mwisho utoke, akafungua. Ndani palikuwa na donge la plastiki lililojikunja kama sikio.

"Bibi," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "yale matundu ndiyo yeye. Pale alipomla bakteria, ndipo panabaki wazi. Hizi unazoniambia safi ndizo hazina kitu."

Bibi Chupa alishika ukingo wa sinki. Maji ya birika yalikuwa yanachemka, na hakuna aliyelizima jiko.

"Hebu ngoja," alisema Miwani, akijikaza. "Maji yenyewe yalibaki. Nipe chupa ya tano tu, nianze upya."

Wote wawili wakatazama kichanja. Chupa sita, zimepinduliwa, zinameremeta kwa jua la asubuhi.

Bibi Chupa alitaka ardhi ipasuke immeze, na ikichelewa kupasuka, basi aipasue mwenyewe. Alisubiri kelele. Alizistahili. Badala yake Miwani alivuta kigoda, akaketi, akavua miwani na kuifuta kwa pindo la koti.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilikueleza hadithi nzima nikaacha mwisho wake. Kulia tutalia jioni, Bibi, sasa hatuna nafasi." Akafunua daftari. "Ya tano, ya tano... hii hapa. Maji ya chumba cha kufulia, chemba ya tatu. Ni hapo nyuma tu! Nipe chupa mbili twende."

Lakini Bibi Chupa hakusogea. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Leo siku gani?"

"Alhamisi. Kwa nini?"

"Fundi bomba anazibua mfereji ule leo. Na klorini anaimwaga, ya kuua kila kitu. Mimi ndiye niliyemganda, mwezi mzima. Nilimwambia harufu ile itatuua."

"Anaanza saa ngapi?"

"Saa mbili."

Saa ya ukutani ilisema saa mbili na dakika saba.

Kwa miaka mingi hakuna aliyemwona Bibi Chupa akikimbia, na magoti yake yenyewe yalikuwa yamesahau kama kazi hiyo ipo. Alikimbia. Alipita korido ya madawa, akapita mlango wa jikoni, akakata kona ya ukuta wa nyuma huku kilemba kimemlegea shingoni. Miwani alimtangulia kwa hatua chache tu, chupa mkononi.

Nyuma ya chumba cha kufulia palikuwa na chemba tatu za maji machafu, mashimo ya saruji yenye mifuniko ya chuma, yamepangana mstari mmoja na kuunganishwa kwa bomba chini ya ardhi. Mifuniko yote ilikuwa wazi. Kando ya ile ya kwanza na ya pili palikuwa na ndoo tupu zenye vumbi jeupe, na hewa ilichoma macho. Fundi bomba, mtu wa mwili mkubwa na maneno mengi, alikuwa amepiga magoti kwenye chemba ya pili, amekwisha kuingiza waya mrefu wa kuzibulia ndani ya bomba, anausukuma kwa mikono miwili.

"Usisukume!" alipiga kelele Bibi Chupa. "Fundi, nakuomba, usisukume!"

Fundi bomba aliinua uso. "Ama! Mama, si wewe uliyenitolea macho juzi mbele ya watu, ukasema mimi na huu mfereji tunanuka mamoja?"

"Nilisema, na nisamehe. Usiusogeze huo waya."

"Klorini umeitia chemba zipi?" aliuliza Miwani, pumzi juu.

"Ya kwanza na ya pili. Ya tatu haijafikiwa, hapa katikati ndipo palipoziba. Nikitoboa hapa tu, yote inateremka." Akautikisa waya kidogo kuwaonyesha, na chini kukasikika sauti nzito, blup.

"Acha!" walisema wanawake wote wawili kwa pamoja.

Akaacha. Kwa mara ya kwanza aliziona sura zao sawasawa. "Kuna nini humo? Pete imedondoka?"

"Dawa ya mkamwana wangu," alisema Bibi Chupa.

Fundi bomba alimjua yule mgonjwa, fundi cherehani, kwani ndiye aliyemshonea suruali zake mbili za kazi. Hakuuliza dawa gani inakaa kwenye mfereji. Alisema tu, "Basi sikilizeni. Waya umeng'ata uchafu. Nikiuvuta, utatoka na uchafu wote, na nikiuachia, utaruka. Nitaushika hivihivi. Lakini fanyeni upesi, mikono hii si nondo za zege."

Chemba ya tatu ilikuwa na maji kidogo sana, tope jeusi lililotuama chini kabisa. Mkono wa Miwani haukufika. Bibi Chupa alijifungua kilemba, akaifunga chupa shingoni kwa ncha moja, akalala kifudifudi juu ya saruji iliyolowa, gauni lake la kazi na yote, akaiteremsha. Chupa iligonga tope, ikalala ubavu. Haikunywa.

"Mama," alisema fundi bomba. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama.

"Bado kidogo, baba."

Aliivuta, akaiteremsha tena, safari hii mdomo wa chupa ukitangulia. Kiputo kimoja kilitoka, kisha cha pili. Chupa ikaanza kuwa nzito.

"Mama, unaniteleza!"

"Robo tu. Ijae robo tu."

Ndani ya bomba kitu kilikoroma. Bibi Chupa alivuta kilemba kwa mikono yote miwili, na papo hapo kizibo kikaachia. Maji meupe yenye povu yaliingia chemba ya tatu kwa kishindo, yakamrukia mpaka kidevuni. Chupa ilitoka ikiwa imelowa pande zote.

Miwani aliifunika, akaifuta nje kwa koti lake, akainusa. Akainusa tena. Yote ilinuka klorini, lakini nao pia walikuwa wananuka klorini, hata nyasi zilinuka.

"Klorini imeingia?" aliuliza Bibi Chupa, bado yuko chini.

"Sijui. Jioni sahani itatuambia."

Fundi bomba alimshika kwapa akamwinua taratibu, kama anayeinua mtungi wa watu. Akavua fulana yake ya juu akampa ajifute. "Usitukane wakunga, Mama," alisema. "Mfereji wangu umeutukana mwezi mzima."

Saa sita mchana, Bibi Chupa alipanda wodini akiwa na gauni la kuazima. Mkamwana wake alikuwa amelalia ubavu, midomo imekauka, macho yanang'aa kwa homa. Kipimajoto kilikuwa kimesoma thelathini na tisa na nusu. Mwanawe, seremala, alikuwa ameketi pembeni na penseli yake bado sikioni, maana alitoka karakana mbiombio siku ile ya kwanza na hakuna aliyemkumbusha kuitoa.

Angeweza kunyamaza. Miwani hangesema, fundi bomba hangesema. Lakini alipoutazama ule mkono mwembamba juu ya shuka, alihisi hawezi kuushika huku ameficha jambo nyuma ya mgongo.

"Wanangu," alisema, "dawa ilipatikana jana usiku bila sisi kujua. Mimi nimeitupa leo asubuhi."

Akawaeleza yote, sahani, mvuke, chupa, chemba. Seremala alisimama. Alikwenda dirishani akawapa mgongo, akawa anakunja ngumi na kuikunjua. "Mama," alisema bila kugeuka, "siku tano. Tumepewa siku tano, na wewe..." Hakumaliza. Maneno yale yalikuwa haki yake.

Aliyejibu ni mgonjwa. Sauti yake ilikuwa kama karatasi.

"Mama. Unajua nimeunguza nguo ngapi za wateja kwa pasi?"

"Hapana, mwanangu."

"Nyingi. Ile suti ya bwana harusi, mgongo mzima." Akapumzika. "Unamwambia mwenyewe ukweli. Halafu unakata kitambaa kingine, unashona upya. Hukai hapo unaililia pasi." Akafumba macho. "Nenda kashone."

Bibi Chupa aliubusu ule mkono wa moto, akatoka. Kwenye ngazi alisikia viatu nyuma yake. Ni mwanawe. Alimpa fimbo ya kuegemea, mpini wa ufagio wa wodi alioung'oa papo hapo, kwa sababu alimwona anachechemea. Kisha akarudi juu.

Mchana ule ulikuwa mrefu kuliko mimba. Miwani alikuwa amechuja yale maji, amechanganya na bakteria, amemimina. "Huyu huota upesi," alisema. "Tusifungue kabati kabla ya saa kumi na moja. Tukilipoza tutajidanganya." Basi wakakaa. Bibi Chupa aliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Saa kumi walikunywa chai, na wote wawili waliisahau ikapoa. Fundi bomba alipita mlangoni mara tatu, kila mara akijifanya anakagua bomba lisilovuja.

Saa kumi na moja Miwani alifungua kabati. Hakuitazama sahani. Alimpa Bibi Chupa.

"Angalia wewe. Macho yako ndiyo yaliyomwona kwanza."

Bibi Chupa aliipeleka dirishani. Utando ulikuwa umetanda sawasawa, mwororo, mzuri, mzuri wa kuchukiza. Aliuzungusha taratibu. Safi. Safi. Moyo ukaanza kumwenda chini. Kisha, karibu na ukingo, mwanga ukapenya.

"Moja," alinong'ona. Akaizungusha. "Mbili. Na hili hapa... tatu. Matatu tu, mwanangu. Asubuhi yalikuwa hayahesabiki. Klorini imewamaliza walaji wengine."

"Matatu?" Miwani alikuwa anaitafuta miwani yake, ambayo ilikuwa machoni. "Bibi, lingenitosha moja. Mmoja nitamlisha, na kesho atakuwa jeshi."

Zilipita siku tatu za kulisha, kuchuja na kusafisha, ili kitakachoingia kidondani kiwe yeye peke yake bila uchafu wa alikotoka. Siku ya nne homa ilifika arobaini, na mgonjwa akaanza kuzungumza na cherehani yake iliyobaki nyumbani. Daktari wa wodi, aliyekwisha kupata saini zote za kuruhusu dawa hii ijaribiwe, alikuwa anashuka maabara kila baada ya saa moja, anasimama mlangoni, anaondoka bila kuuliza. Asubuhi ya siku ya tano Miwani alipanda ngazi ameikumbatia chupa ndogo ya maji maangavu, yasiyo na rangi wala harufu. Yalimiminwa kwenye kidonda, tone kwa tone. Bibi Chupa alisimama nje ya pazia na fimbo yake. Ndani hakusikia kitu ila mkasi ukiwekwa kwenye sinia.

Jioni ile homa ilikuwa thelathini na tisa na nusu. Kesho yake asubuhi, thelathini na tisa. Hakuna aliyethubutu kufurahi. Wakammiminia tena. Kesho yake, thelathini na nane na pointi moja, na muuguzi aliyekuja kubadili bandeji alisimama kidogo, akamwita mwenzake aje aangalie rangi ya nyama. Adhuhuri mgonjwa alifungua macho, akamtazama mumewe kwa muda mrefu.

"Wewe," alisema, "umelala na hiyo penseli?"

Kisha akaomba aletewe mtoto.

Wiki iliyofuata Bibi Chupa aliingia kazini saa kumi na mbili na nusu, kama siku ile. Juu ya sinki kulikuwa na karatasi mpya yenye herufi kubwa za Miwani: SAHANI YENYE MATUNDU AONYESHWE BIBI CHUPA KWANZA. Aliisoma mara mbili, akakohoa, akaanza kazi.

Kwenye kichanja palikuwa na chupa moja ambayo haijaoshwa. Chini yake palibaki maji kidogo, kiasi cha kulowesha ulimi wa paka. Mkono wake wa miaka kumi na tisa ulikwisha kushika brashi. Akaiweka brashi chini. Akavuta kigoda, akaketi kando ya ile chupa chafu kama anayemlinda mtoto aliyelala, mpaka Miwani alipoingia na mkoba wake.

"Shikamoo, Bibi. Mbona umekaa?"

"Marahaba, mwanangu. Nakungoja wewe," alisema, akiielekeza kwa kidole. "Hii ni tupu, au si tupu?"